Nilianzia Mlangoni

Ijumaa hiyo mjukuu wangu alishushwa kwenye bodaboda akiwa na soksi nyeupe hadi magotini na mkoba mgongoni uliokaribia kumwangusha chali. Ana miaka mitano. Mama yake, kitinda mimba wangu, alishuka nyuma yake, akasimama katikati ya boma akitazama huku na huku kama afisa aliyetumwa kukagua. Alitazama paa. Alitazama tangi la maji. Alitazama kamba ya nguo, ambako suruali zangu mbili zilikuwa zimening'inia tangu Jumatano.

Binti huyu anafanya kazi katika maabara ya hospitali huko Homa Bay. Kutwa nzima anatafuta wadudu kwenye darubini, na akitoka kazini macho yake hayajui kupumzika. Wikendi ile alikuwa na zamu, na msichana anayemsaidia nyumbani alikuwa ameomba ruhusa ya siku mbili ambazo sasa zilikuwa zimefika wiki mbili. Ndiyo maana mtoto aliletwa kwangu Uriri. Lakini mimi si wa jana. Nilijua kwamba pamoja na mkoba ule nilikuwa nimeletewa mtihani.

Tangu mama yao atutoke, mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita, wanangu wamekuwa na wimbo mmoja: Baba hawezi kukaa peke yake, Baba ahamie mjini. Kaka zake binti huyu wako mbali, kwa hiyo mwimbaji mkuu ni yeye, wa mwisho. Alikuwa ameshanitafutia chumba katika nyumba anayopanga, chumba kizuri tu, ila dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Mimi nimeendesha trekta ya miwa miaka ishirini na sita. Nimezoea kuona mbali. Isitoshe, mke wangu amelala hapa, upande wa kushoto wa nyumba, na palikuwa na jambo jingine hapa nyumbani ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Kabla hajaondoka aliniita nyuma ya tangi, mtoto asisikie.

"Baba, Jumapili nikikuja nipate mtoto ako sawa na nyumba iko sawa, hiyo maneno ya kuhama sitaongea tena. Lakini nikipata shida, end month tunahama. Sawa?"

Nilimwambia sawa. Ningesema nini? Alimbusu mtoto, akapanda boda ile ile, akaenda zake. Nilibaki nimesimama na mkoba mkononi kama siku nilipofanyiwa mtihani wa kuendesha.

Sasa niseme hilo jambo jingine. Jiko letu ni nyumba ndogo ya udongo nyuma ya nyumba kubwa. Nyumba kubwa ina sakafu ya simiti, lakini jikoni mke wangu alikataa katakata. Alisema simiti inamuuma miguu asubuhi. Kila wiki ya tatu alichanganya mavi ya ng'ombe na udongo wa kichuguu na jivu kidogo, akapiga magoti, akaisiriba sakafu nzima kwa kiganja chake cha kulia. Kiganja kiliacha alama za nusu duara, moja ikilalia nyingine, zimepangana kama magamba ya samaki. Mwanamke yeyote anayesiriba huacha alama zake, lakini za mke wangu zilikuwa fupi na za karibu karibu, kwa sababu alikuwa mtu wa haraka, na kila moja iliishia na mkunjo mdogo wa kidole gumba. Mara ya mwisho alisiriba Jumapili moja, na Alhamisi yake tukampeleka hospitali. Hakurudi.

Nilianza kuilinda ile sakafu kabla sijajua kwamba nailinda. Baada ya matanga, binti yangu huyu alijifunga leso akataka kuisiriba, nikamwambia aache. Sikumpa sababu. Nilimwona amenuna, na nafikiri alidhani namwona hajui kazi. Jirani yangu, mama mjane aliyekuwa rafiki mkubwa wa marehemu, alikuja mara tatu na karai lake. Mara ya kwanza nilimwambia asante, baadaye. Mara ya pili nilijifanya nimelala. Mara ya tatu nilimfokea, na tangu siku hiyo salamu zetu zimekuwa za kichwa tu. Nilihamishia mtungi wa gesi sebuleni, nikawa napika kando ya kochi ili nisikanyage kule jikoni.

Kuku, hata hivyo, hawakupata hiyo amri. Waliingia, wakataga, wakaparura. Katikati ya sakafu pakamomonyoka pakawa vumbi tupu, laini kama unga. Alama zilizobaki ni zile za mwisho kabisa wa chumba, chini ya ukuta wa nyuma, karibu na jiwe la kusagia, ambako miguu haifiki. Hapo vidole vyake vilionekana wazi kabisa. Kila siku, nikimaliza kumfunga ng'ombe, nilifungua ule mlango, nikatazama, nikafunga.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa Ijumaa ile mjukuu alipofika.

Sisi ni Wasabato, na Ijumaa ya Msabato ni kukimbizana na jua. Likishazama hakuna kufua, hakuna kupika, hakuna kupiga pasi mpaka lizame tena kesho yake. Mke wangu alimaliza yote hayo huku anaimba. Mimi hukimbizana na jua na jua hunishinda. Siku hiyo maharagwe yalikuwa bado magumu kama kokoto, gauni la kanisa la mtoto limekunjamana ndani ya mkoba, ng'ombe hajakatiwa majani ya nepia, mahindi yako nje kwenye turubai, na nina mtu mfupi anayenifuata kila hatua akinikosoa. Nilipotia makaa kwenye pasi, aliniambia kwao pasi huchomekwa ukutani. Nilipokata nepia, aliniambia nakata ndefu sana, ng'ombe atapaliwa. Aliniuliza kama ng'ombe anajua kesho ni Sabato. Nilimwambia anajua ila hajali.

Ili nipate kupumua, nilimtuma jikoni akatafute mayai.

Alikaa kitambo. Nilipokwenda kuchungulia nilimkuta amevua viatu na soksi, ameketi katikati ya lile vumbi, amepanga vifuniko vya sufuria vya nyanya yake mbele yake, anapika vumbi kwa kijiko cha mbao. Alikuwa ametulia kabisa, anajisemesha. Kitu kikaniambia nimtoe. Kingine kikaniambia: mwache, upige pasi. Nilimwacha. Jua lilipozama gauni lilikuwa limenyooka, maharagwe yameiva, mayai manne yako mezani, nami nikajiona bingwa wa dunia.

Mama yake akapiga simu ya video. Mtoto alimzungushia simu kila upande, akamwonyesha gauni, akamwonyesha maharagwe, akamwonyesha hadi soli ya kiatu changu. Alipotaka kukimbia nayo jikoni amwonyeshe alivyopika, nilimwambia huko kuna giza. Palikuwa bado na mwanga wa kutosha. Huo ndio uongo wangu wa kwanza wa Sabato hiyo, na ilikuwa haijamaliza hata nusu saa.

Kanisani siku ya pili aliketi kati yangu na yule jirani mjane. Jirani alimpa peremende, akampangusa uso kwa leso yake, akanisalimia mimi kwa kichwa. Mahubiri yalipoanza, mtoto akaanza kusugua kiatu chake cha kushoto kwenye mguu wa benchi. Nilimkanya kwa jicho. Akaacha, akaanza tena. Nilimshika goti nikamnong'oneza kwamba mtoto mwenye adabu hutulia. Alitulia, maskini, akakunja vidole ndani ya kiatu mpaka ibada ikaisha. Nikikumbuka vile nilivyombana goti, bado naona haya.

Tulipofika nyumbani, baada ya kula, aliketi kwenye ngazi ya mbele akavua viatu.

"Kwara," aliniita, maana kwa Kijaluo babu ndiye kwara, "hiki kidole kinaniwasha tangu kanisani."

Nilivaa miwani. Kando ya ukucha wa kidole cha mwisho, mguu wa kushoto, palikuwa na nukta nyeusi iliyozungukwa na wekundu. Sikuhitaji darubini. Sisi wa umri huu tulikua na funza miguuni; tunamjua kama tunavyomjua jirani. Funza anataka vitu viwili tu, vumbi kavu na ngozi laini, nami nilikuwa nimempa vyote viwili nikaenda kupiga pasi.

Nilikasirika. Nina hasira za karibu, na zikija hutafuta mtu. Kwanza niliwakasirikia kuku. Kisha nikamkasirikia binti yangu, kwa nini hakumwambia mtoto asivue viatu. Kisha nikamkasirikia yule jirani, kwamba angekuwa mtu wa kweli asingekata tamaa baada ya kufokewa mara moja. Nilizunguka boma lote na hasira yangu, na mwishowe nikarudi pale kwenye ngazi bila kumpata mwingine ila mimi. Mke wangu hakuwahi kuacha vumbi likusanyike kule jikoni hata siku moja. Wanetu wote wamekua wakitambaa kwenye sakafu ile. Na mimi, kwa kumtunza yeye, nilikuwa nimeigeuza sakafu yake kuwa nyumba ya funza. Niliona uchungu ambao sikuuona hata siku ya mazishi, kwa sababu siku ya mazishi sikuwa na kosa.

Nilichemsha maji, nikamwosha mguu, nikapitisha pini kwenye moto, nikaanza kuchokoa taratibu. Nilitarajia kilio. Badala yake alikaza shingo kutazama, akaniambia nisimpasue huyo funza. Alipotoka, mzima, mdogo kuliko punje ya wimbi, nilitaka kumtupa motoni. Mjukuu akanishika mkono.

"Usimtupe. Mami anapenda wadudu. Atamweka kwa darubini."

Akaenda mwenyewe kuchukua kiberiti, akamwaga njiti zangu zote mezani, akatia pamba ndani. Tukamlaza funza kwenye pamba. Nakiri nilijaribu kumshawishi. Nilimwambia kwa upole kwamba si lazima mami aambiwe kila kitu, kwamba mambo mengine yanaweza kubaki kati ya kwara na mjukuu wake. Alinitazama kama vile nimemwambia tuibe ng'ombe wa kanisa. Alisema mami amemwambia akuje aseme kila kitu. Basi kiberiti kikakaa juu ya kabati, na kila nilipopita nilikiona.

Ile sakafu ilikuwa lazima isiribwe. Lakini ilikuwa Sabato. Kumtoa funza ni sawa, hakuna mzee wa kanisa angenilaumu. Kuchanganya mavi ya ng'ombe ni kazi. Nilifunga mlango wa jikoni kwa waya, nikakaa mchana wote naye kwenye kivuli cha nyumba, nikimsimulia habari za trekta: jinsi unavyorudisha nyuma trela mbili zilizojaa miwa mpaka kwenye mzani, na kwamba dereva mzuri kabla hajaingia mahali hujiuliza kwanza atatokaje. Alisikiliza sana. Niliridhika na hekima yangu.

Jumapili niliamka na mambo manane ya kufanya kabla ya saa kumi, saa ambayo binti yangu alisema angefika. Niliziloweka nguo za mtoto kwenye beseni. Nilianika mahindi. Nilimkamua ng'ombe, nikampa mtoto uji, nikamkagua vidole vyote kumi. Vilikuwa salama. Kisha nikaenda kwa jirani mjane kuomba anisaidie kusiriba. Mlango ulikuwa na kufuli, amekwenda sokoni. Nilisikitika nusu na kufurahi nusu, kwa sababu sikuwa nimepanga jinsi ya kumwomba radhi.

Basi nikasema, ni udongo tu, nitashindwaje? Nimemwona mke wangu akifanya miaka arobaini. Tatizo ni kwamba miaka yote hiyo nilimwona nikiwa napita.

Nilinyunyiza maji kwenye vumbi, nikakwangua, nikalizoa kwa koleo nikalimwaga mbali shimoni. Nilichimba udongo wa kichuguu, nikachota mavi ya ng'ombe yangali mabichi, nikatia jivu, nikakoroga kwa mikono kwenye karai. Mjukuu alisimama mlangoni amevaa buti za mvua, amejishika pua, lakini dakika tano hazikupita akawa ameingiza mikono yote miwili hadi kwenye viwiko. Alisema inanuka kama nyasi. Ni kweli, inanuka kama nyasi.

Nilipokuwa nafagia kwa mara ya mwisho, alifika ukuta wa nyuma kabla yangu.

"Kwara, nani amechora hizi?"

Nilimwambia hakuna aliyechora. Nilimwambia ni mkono wa nyanya yake, kwamba alipita hapo akisiriba, na kwamba ndio mwisho uliobaki. Alichuchumaa. Akaweka kiganja chake chenye matope juu ya alama moja, juu juu tu, akapima. Kilikuwa kidogo mno. Akaniuliza kama nasi tutasiriba juu yake. Nilimwambia tutaona.

Hapo ndipo nilipokosea, na nalijua kosa lenyewe sasa kama ninavyoijua njia ya kwenda kisimani. Sikutaka kuanza na ukuta ule. Nilisema moyoni, acha nianzie mlangoni, ule upande ulioharibika, na ule wa nyuma nitaufikia nikiufikia. Labda udongo utaisha. Labda mtu atakuja. Nikapiga magoti penye mlango, nikaanza kusiriba kwenda ndani, na mjukuu ubavuni kwangu akisiriba cha kwake.

Tulifanya kazi. Nataka niliseme hili, tulifanya kazi vizuri. Magoti yaliniuma na mgongo ukanilaumu, na alama zangu zilikuwa pana na mbovu, kama mtu anayepangusa meza, lakini sakafu ililala. Mtoto aliimba wimbo wa shule ya Sabato, mstari mmoja tu, mara hamsini. Nilisahau mahindi. Nilisahau nguo kwenye beseni. Nilisahau hata ukuta wa nyuma, mpaka kisigino changu kilipogusa jiwe la kusagia.

Niligeuka. Mbele yetu, kutoka magotini kwangu hadi mlangoni, palikuwa pamesiribwa pote, pabichi, panang'aa. Nyuma yetu palibaki utepe wa upana wa mkeka, wenye alama za mke wangu, na juu yake jiwe la kusagia. Tulikuwa tumesimama hapo, mimi na mjukuu, na hapakuwa na njia ya kutoka. Mimi, dereva wa trela mbili, niliyetoa somo zima jana yake.

"Kwara," mjukuu alisema, "sasa tutatoka aje?"

Nilimketisha kwenye jiwe la kusagia, nami nikachuchumaa kwenye ncha yake nisizikanyage zile alama. Nilimweleza kwamba tutasubiri ikauke kidogo. Alikubali. Baada ya muda alisema anataka kukojoa, kisha akasema anaweza kuvumilia. Nje nilisikia kuku wakishuka kwenye turubai la mahindi, mmoja, kisha wote. Niliwafukuza kwa sauti nikiwa pale pale. Walijua siwezi kutoka.

Nikasikia bodaboda ikizima injini.

Binti yangu alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake ili awahi. Nilizisikia hatua zake bomani, na nikaona kwa macho yake kila alichokiona: kuku juu ya mahindi, nguo zimelowa kwenye beseni tangu asubuhi, meko ya gesi sebuleni baridi, hakuna mtu. Aliita, "Baba?" Aliita jina la mtoto, mara mbili, na mara ya pili sauti ilikuwa imepanda. Nilitamani sakafu ile inimeze, na kwa ubichi wake ingeweza.

"Tuko huku jikoni," nilisema.

Alitokea mlangoni akiwa na sare ya kazi na mkoba begani. Alitutazama, mimi na matope hadi mabegani, mtoto juu ya jiwe na buti zake, na sakafu yote mbichi kati yetu na yeye. Aliendelea kutazama.

Niliona afadhali nimalize yote kwa pamoja. Nilimwambia mtoto amepata funza kwenye kidole cha mwisho, mguu wa kushoto, Ijumaa, humu humu, kwa uzembe wangu. Kwamba nimemtoa kwa pini iliyopita motoni. Na kwamba kiko kiberiti juu ya kabati, akitaka kuhakikisha. Mjukuu akaongeza kwamba funza hakupasuka na kwamba yeye hakulia. Binti yangu alifumba macho kidogo. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Nani alikuambia uanzie mlangoni?"

"Hakuna."

"Mama alikuwa anaanzia hapo nyuma. Kila mtu anaanzia nyuma."

"Sikutaka kufika hapa," nilisema. Nikasogea kidogo, nikamwonyesha kwa kidole. "Tazama hapa chini. Ni mkono wake. Ndiyo maana nilikukataza ile siku baada ya matanga. Si kwamba hujui kazi."

Mwanga wa nje ulikuwa nyuma yake na uso wake ulikuwa gizani, sikuuona vizuri. Niliona tu mkoba ukiteremka kutoka begani, ukawekwa nje. Akavua viatu. Akapandisha sketi ya sare akaifunga fundo kiunoni. Aliniambia nimbebe mtoto nitoke, nisijali sakafu. Nilimweka mjukuu mabegani, nikavuka kazi yangu yote ya asubuhi, na kila hatua iliacha shimo. Tulipishana katikati, na yeye akaenda nyuma, akapiga magoti mbele ya ukuta ule.

Aliweka kiganja chake cha kulia juu ya alama moja, kama vile mwanawe alivyofanya, na hicho hakikuwa kidogo wala kikubwa. Akavuta karai. Akachota udongo, akautandaza juu ya mkono wa mama yake, akapitisha kiganja.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na mtoto mabegani. Mwanzoni niligeuza uso. Nilipotazama tena alikuwa ameshafanya safu nzima, anarudi kinyumenyume kuelekea kwetu, akizifuta nyayo zangu na zake. Alama zilikuwa fupi, za karibu karibu, moja ikilalia nyingine, na kila moja ilikuwa na mkunjo mdogo wa kidole gumba mwishoni. Nilifikiri machozi ndiyo yananidanganya, maana nilikuwa nalia, sitaficha. Niliyapangusa kwa mkono wenye mavi ya ng'ombe, nikatazama vizuri. Zilikuwa zile zile. Mtu angeniuliza hii ni kazi ya nani, ningemtaja mke wangu bila kusita.

Bila shaka zilikuwa zile zile. Mama yake ndiye aliyemfundisha, alipokuwa na umri wa huyu niliyembeba, wamepiga magoti bega kwa bega. Nilipita nikawaona, nikaenda zangu kwenye trekta.

Alipofika mlangoni alimwita mtoto amalizie kipande cha mwisho, cha ukubwa wa sahani, penye kizingiti. Kisha akatoka kinyumenyume, akanyoosha mgongo, nami nikachukua jagi nikammiminia maji mikononi. Alinawa polepole hadi kwenye viwiko. Alimkagua mtoto kidole, akakibonyeza, akasema nimemtoa vizuri, hakuna kilichobaki ndani. Kile kiberiti alikitia mkobani bila kukifungua.

Mtihani wangu nilijua nimeshaufeli. Mahindi yalikuwa yameliwa, nguo zimelowa, mtoto amepata funza. Nilisimama na jagi nikingoja anitajie mwisho wa mwezi, na safari hii sikuwa na la kubisha, kwa sababu kilichokuwa kimenishikilia kule jikoni kilikuwa kimefunikwa.

"Hii inataka kurudiwa baada ya wiki tatu," alisema.

"Najua."

"Hujui, Baba. Utaanzia mlangoni tena." Alijipangusa mikono kwenye sketi. "Utatayarisha udongo tu. Nitakuja na yeye."

Nilimwambia udongo utakuwa tayari. Alienda kuwafukuza kuku, akainamia beseni, akaanza kufua. Mjukuu alikuwa amechuchumaa penye kizingiti akilinda sakafu, na kuku mmoja alipojaribu kupita alimwambia arudi, bado ni mbichi, huo ni mkono wa mami.

Mwaka mmoja na miezi miwili nilikuwa nafungua ule mlango kuutazama mkono wa mke wangu. Na mkono wenyewe ulikuwa unakuja hapa kila mwisho wa mwezi, umebeba mkate na sukari, ukiniomba twende tukakae pamoja, nami naukataza kushika karai.